Gari Halijapata Moto

Kobe,

Nimekwenda kazini kwa miguu. Chai iko kwenye chupa. Ile sufuria ndogo usiitumie kupikia, fundi kachemshia humo themostati, ile vali inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto.

Unajua gari letu lilivyokuwa linachelewa kupata moto. Leo asubuhi fundi kafungua, akaniambia, "Mama, humu hamna kitu." Themostati tumeikuta kwenye droo ya gari, imeviringishwa ndani ya soksi yako ya shule, ile tuliyoitafuta nyumba nzima. Tukaitia kwenye maji ya moto, ikafunguka vizuri. Nzima kabisa! Marehemu baba yako aliitoa kwa makusudi.

Enzi zake, kila asubuhi mimi nanyoosha mkono napiga honi, wewe bado unatafuta kiatu, na yeye kwenye usukani: "Mwache mtoto, gari halijapata moto." Kumbe alihakikisha halipati!

Fundi kairudisha. Alipoondoka nikawasha, mshale wa joto ukapanda upesi. Mkono ukaenda wenyewe kwenye honi, nikamsikia kando yangu, wazi kabisa: "Mwache mtoto." Nikauondoa kama nimeungua. Ndiyo maana nimekwenda kwa miguu.

Funguo ziko juu ya friji. Lile dimbwi la kijani uani ni maji ya rejeta yaliyomwagika, ni sumu; limwagie maji mengi, paka asije akalilamba.

~~Kesho gari halitakungoja. Saa moja uwe mlangoni, umevaa.~~

Kesho chelewa tu. Nitakungoja mimi.

Mama