Sindano Isiyo na Dawa

Bujumbura

Mke wangu Mama Neema,

Nakusalimu kwa mapenzi, nikitumaini kikohozi kimekuachia ulale. Mimi mwili mzima. Kilichochoka ni ulimi. Kwenye simu nilikwambia mambo ya kibali "yanaendelea" kwa sababu maelezo yake hayaenei kwenye salio. Sasa kaa nikueleze.

Bima hulipia matibabu yanayotolewa na mwenye kibali tu, na changu ni cha uuguzi. Nikaenda ofisini kuomba cha kutibu kwa sindano, kama nilivyosomea China. Mama anayepokea maombi akaniuliza, "Muzee, hiyo sindano iko na dawa gani ndani?"

"Haina dawa, mama, wala haina tundu. Ni nyembamba kama unywele. Ukiichoma mahali pake, msuli unalegea na maumivu yanapungua."

"Haina dawa, haina tundu?" Akawageukia wenzake. "Basi muzee aende kwa mafundi cherehani!"

Walicheka, nami nikacheka. Kisha akanifafanulia bila dharau: muuguzi anaruhusiwa sindano yenye dawa, mganga wa mitishamba anaruhusiwa dawa bila sindano, ila sindano bila dawa bado haina mlango wake. Nisimchome mtu hadi wakubwa waamue.

Aliyekasirika ni Bahati, yule Mkongo anayepakua mizigo bandarini, ambaye nilikuwa namtibu bega. Asipoinua gunia hana kazi, na mkono ulikuwa umeanza kupanda.

"Muzee, kwa fomu ya bima andika tu 'sindano'. Asiransi ya kazi yetu inalipa sindano kila siku. Si uongo!"

"Neno si uongo, Bahati. Lakini atakayelisoma ataona bomba la dawa, na mimi najua ataona hivyo."

"We mwalimu sana. Bega yangu haijue kusoma."

Hata hivyo sikuandika, Mama Neema. Nimezifungia sindano sandukuni. Kukanda kunaruhusiwa kwa kibali changu, na bima inalipia, kwa hiyo sasa namkanda kwa vidole gumba. Kazi ya sindano moja inakula nusu ya asubuhi, na bado mkono unakwama.

"Leo mkono umefika kwa sikio," aliniambia jana. "Lakini gunia inakaa juu ya hapo, muzee."

Uliniomba nirudi mvua zikianza. Nisamehe, siwezi kumwacha mtu na mkono ulioishia sikioni. Nitaendelea kwenda ofisini na kueleza, hata kama ni kwa watu walewale.

Nisalimie dada yangu mkubwa, mkwe wetu anayetufugia mbuzi, na wajukuu wote. Yule mdogo mwambie babu hachomi tena watu, asiogope nikija.

Mwandiko usikutishe. Vidole gumba vimevimba, kalamu nimeibana kwa vile vingine.

Mumeo anayekuwaza,
Baba Neema