Moto Uliopinda Kwenda kwa Nunziata

Mshauri mpendwa, nisaidie mama wa watu, kalamu mimi siijui, anayeniandikia ni binti wa duka la dawa na nimemwapisha asiseme, mdomo wake mwepesi lakini mwandiko wake wanausifu. Naitwa Agrippina, miaka themanini na moja, nakaa huku juu ubavuni mwa Etna, mlima wa moto, mguu wa kushoto unanisumbua ila hilo siyo la leo.

Nina mjukuu, Venera, yuko chuo kikuu kule Catania, anasomea mawe na milima ya moto, nilimcheka, nikamwambia mawe tunayo hapa bure, hata nauli huhitaji, lakini ana akili mtoto huyo, analamba jiwe kwa ulimi anakwambia limetoka wapi. Sasa anaandika kazi yake ya kumalizia chuo, juu ya ule moto wa mlima, uji wa mawe yaliyoyeyuka, ulioshuka kwetu nikiwa na miaka ishirini na saba, na anachora ramani, ukija tena utapita wapi, watu wa chini wajenge kwa kuitazama hiyo. Juzi kaja kula, kaniuliza, "Bibi, moto ulikuwa unakuja mlangoni kwako, ukafika kwenye kona ukapinda kwenda kwa Nunziata. Kwa nini?" Nikasema ni Mtakatifu Agata aliyeugeuza, wanawake tulisimama pale na shela lake, kila mtu anajua. Akasema, "Mtakatifu namheshimu, Bibi, ila moto haupindi kona kama baiskeli. Basi nitaandika ardhi ilipasuka chini." Nikamwambia kula, tambi zinapoa.

Mshauri, ardhi haikupasuka. Ni Camillo, marehemu mume wangu, yeye na ndugu yake walibomoa ukuta wa shamba la jirani yetu Nunziata asubuhi watu wako kanisani, wakarundika mawe upande wetu, moto ukageukia kwake, na mimi nilijua. Nunziata maskini alipoona unamjia akafanya kama tunavyofanya huku, akafagia nyumba yote, akatandika meza, akaweka mkate na divai, mlima usije ukasema umepokewa vibaya, na kile kitambaa cha meza tulikinyoosha wote wawili, yeye pembe hizi mimi pembe zile, analia, ananiambia dada, afadhali wewe umepona. Nyumba ikaliwa, mizabibu ikaliwa. Mpaka leo kila Jumamosi ananiletea jibini, akichelewa nachungulia dirishani. Nikisema nampoteza yeye na jina la mume wangu, nikinyamaza mtoto anaandika uongo wangu. Nifanyeje?

Agrippina

JIBU

Mama Agrippina, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na hasira. Mtakatifu umemsingizia miaka hamsini na nne, huyo atakusamehe, amezoea. Watu wa chini je? Mtu atajenga kwa kuiamini ramani ile, na moto utampitia ndani.

Pole pia. Najua ulivyokishika kile kitambaa.

Lakini hebu niambie. Nunziata alilima shamba lile tangu utoto. Jana yake ukuta umesimama, kesho yake haupo, hakuuona? Sisemi anajua. Nasema huna hakika kwamba hajui, na kama anajua, basi miaka yote hii amekuja mlangoni kwako na jibini mkononi akingoja useme wewe.

Jibu hili nakutumia kwa posta kwanza. Gazetini litatoka baada ya wiki mbili, na majina nimebadilisha, ila kona ya namna hiyo huko kwenu ni moja tu. Kwa hiyo usingoje Jumamosi. Nenda wewe kwake. Usianze na mtakatifu, usianze na marehemu. Anza na "nilijua." Halafu funga mdomo, mama, najua ni kazi kwako, na umwache aseme, hata akikutukana, hata akikaa kimya.

Ukitoka hapo, mwite Venera, mpeleke mpaka kwenye kona, mwonyeshe ukuta ulipokuwa. Camillo mweleze kama alivyokuwa: mtu aliyeogopa, ana watoto watatu ndani ya nyumba. Mjukuu wako amesomea kutazama kilichoungua na kusema kilitokea nini, bila kukilaani. Mwachie aiandike kweli hiyo.