Mama Aliyetaka Kuona Kampala

Kyebando, Kampala
Jumanne

Mdogo wangu mpendwa Whitney,

Habari za huko Chwele? Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi kimekuachilia. Mimi ni mzima wa mwili, ila kutulia sijatulia. Nimeinuka kitini na kurudi kabla hata ya kufika mstari huu. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako Baba huishika apendavyo. Barua hii anakuletea Abalo, mfanyabiashara mwenzangu. Isome peke yako.

Najua mnauliza kwa nini Mama hajarudi. Hajambo, usihofu. Unakumbuka Baba alimtuma aje aone ninavyoishi. Nilimpokea, nikampeleka Kyambogo kwenye chumba cha rafiki yangu Juliet, nikamwambia ndipo ninapokaa. Juliet alikuwa ameniachia ufunguo, akaenda kwa dada yake. Jioni ile Mama aliomba chumvi, nami nikawa nafungua kabati moja baada ya jingine. Alinitazama tu.

Ili asipate nafasi ya kuniuliza, nikasema nitamtembeza mjini. Alifurahi, maana akina mama wa kanisani walimwonya asirudi bila kuona makaburi ya wafalme kule Kasubi. Tukaenda. Aliketi kwenye mkeka, akalisifu lile paa la nyasi, akauliza ni nani wanaolijenga. Kabla hajajibiwa nilikuwa nimeshasimama. Kule Namirembe Mama alitaka kukaa kanisani aombe, nami nikawa mlangoni nachungulia simu. Ziwa la Kabaka, yule mfalme wa Buganda, tuliliona tukiwa juu ya bodaboda. Mama alilalamika kwamba namkimbiza kama tunaofuatwa na polisi. Sikuweza kucheka.

Kesho yake aliomba kuona msikiti mkubwa wa Old Kampala, kwa kuwa alisikia ukiwa juu ya mnara unaona vilima vyote. Pale wanawake wageni hupewa kitambaa cha kujifunga kichwani. Mama alikuwa bado anahangaika na chake, binti mmoja akimsaidia, nami changu nilikuwa nimeshakifunga bila kioo, ncha nimeichomeka vizuri chini ya kidevu. Mikono ilijifanyia yenyewe. Mama akaona. Tulipanda ngazi zile za kuzunguka polepole, akipumzika na kuendelea. Kule juu mwongozaji alituonyesha vilima, lakini Mama alikuwa ananitazama mimi. Akasema kwa upole, "Nimeona ya wafalme, nimeona na ya Mungu. Sasa nipeleke kwako."

Whitney, niliolewa na Huzaifa mwezi wa pili. Ni askari polisi, mtu wa Arua. Nilisilimu kwanza, na hakuna aliyenilazimisha. Tunakaa hapa Kyebando, nyuma ya duka langu la vitambaa. Niliwaficha kwa sababu Baba alishasema mtoto atakayeliacha kanisa asikanyage tena kwake.

Huzaifa alipomwona Mama mlangoni alisimama wima kama yuko kwenye gwaride. Mama akamwuliza kama amekula. Kisha Mama akaingia chumbani, nikamsikia analia. Tangu siku hiyo hakai chini. Anafagia ua uliokwisha kufagiliwa, anaanua nguo ambazo hazijakauka. Nilimsihi amweleze Baba kwa niaba yangu. Alikataa. Alisema uongo ulikuwa wangu na ukweli nao ni wangu, niende nikauseme kwa mdomo wangu.

Basi tunakuja Jumamosi. Mwambie Baba tuko watatu. Akiuliza wa tatu ni nani, mwambie nitamjibu mwenyewe. Sijui kama atatufungulia. Nilimwambia Mama hivyo asubuhi hii, naye akanijibu, huku akikunja nguo zake, kwamba tusipokaribishwa, yeye pia atakaa nje nasi.

Nisalimie bibi yetu Kukhu na majirani wote, na ujiangalie na baridi ya asubuhi. Huzaifa anakusalimu, ingawa hamjaonana.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Nabalayo