Matonge Sita

Shuleni, Nachingwea
14 Agosti

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, pamoja na mama na wadogo zangu hapo Namungo. Mimi sijambo, mafua niliyotoka nayo nyumbani yameisha, na hesabu sasa zinaniingia.

Jumapili mama alinipigia kwa simu ya matroni, tukacheka sana. Alisema mpera wetu umebaki vijiti, maana kila anayetoka machimboni anapita kuomba majani, na wewe unawaambia binti yako amepata dawa ya sukari. Hata Mzee Saturnini, asiye na ugonjwa huo, anakunywa kwa tahadhari. Nilicheka mpaka aliposema kwamba vidonge vyako vya hospitali viko juu ya kabati tangu nilipoondoka.

Baba, mradi wangu wa majani ya mpera ulikuwa umechaguliwa kwenda maonyesho ya sayansi Ruangwa. Mwalimu Winfrida, aliyeniazima ile mashine ya kupimia sukari, aliyafurahia matokeo. Siku uliyokula ugali bila kunywa majani, sukari ilipanda hadi kumi na mbili. Siku uliyokunywa, nane. Nikaandika kwamba chakula kilikuwa kilekile.

Ugali ulikuwa uleule, kweli. Lakini siku ya kwanza ulikula peke yako. Siku ya pili aliingia Mzee Saturnini, mkala sinia moja, na unajua mkono wake ulivyo mwepesi. Wewe ukajizuia kwa heshima ya mgeni. Nilikuwa nahesabu, baba. Siku ya kwanza ulikula matonge kumi na manne. Siku ya pili sita. Sikuyaandika, kwa sababu nilitaka sana kwenda Ruangwa.

Jana nilimweleza mwalimu. Hakunigombeza. Alisema huenda majani yanasaidia kidogo, ila kwa kipimo changu hakuna anayeweza kujua, na mgonjwa haachi vidonge kwa ajili ya daftari la mtoto wa kidato cha tatu. Ruangwa atakwenda Prisca na sabuni yake ya mwarobaini. Nimemsaidia kuandika bango, limependeza.

Nisamehe, baba. Waeleze na wenzako ukweli. Kesho nenda zahanati wakupime, uendelee na vidonge kama watakavyokuelekeza. Kisha mama anipigie. Nitamwuliza jambo moja tu, kama umemeza. Akisema ndiyo, nitaomba tena ile mashine nianze upya.

Wasalimie wote, na Mzee Saturnini umwambie sina kinyongo naye.

Ni mimi binti yako, ninayekaa karibu na simu ya matroni,
Zulfa Harithi