Kilti ya Tatu

Seven Hills, Jumapili

Baba Frida,

Hatujambo huku ugenini. Mwanao ameota jino la pili.

Kilti yako ya tatu imefika, hiyo sketi ya Kiskoti mnayovaa mkipiga muziki kwenye bendi. Nimechomoa uzi nikauchoma, kama tunavyopima kitambaa kwetu Mbeya. Umeyeyuka kama plastiki. Sufu ikiungua hunuka kama nywele. Ya kwanza ilipauka, ya pili haikufunga kiunoni, na wewe huko mgodini bado unanunua mtandaoni kwa kutazama picha tu. Wenzako wa bendi wana moja moja, ya sufu, iliyopimwa mwilini.

Usinunue ya nne. Fundi anayeshonea bendi ameniuliza kipimo cha kiuno chako, nami sikijui tena. Miezi mitano sijakushika. Omba likizo uje nikupime, na Frida akujue kabla hajaanza kutembea.

Tepu ninayo.

Mkeo,
Ikupa