Tela Tupu

Shemeji,

Salamu zako zimefika, na sabuni ulizotuma pia. Bati la jikoni tumeshaligongea misumari. Mwanao, huyu kitinda mimba wetu, ameng'oka jino la mbele, sasa akiongea anatutemea mate sote.

Unauliza kaka yako anaendeleaje. Mguu unaunga, mbavu bado.

Wageni wanasema lori lake kupinduka ni kazi ya Mungu, nami nawaitikia. Lakini wewe siwezi kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Siku ile madereva wote walikuwa wameegesha kwenye kituo cha mafuta, hata waliobeba saruji. Kaka yako akakupigia ofisini, akaomba asubiri upepo utulie. Ukamjibu, "Kaka, una tela tupu, unaogopa nini? Waache wenye mzigo ndio waogope."

Shemeji, umeendesha malori miaka na miaka kabla ya kupewa hicho kiti. Unajua vizuri kwamba lenye mzigo hutulia chini, na tupu ndilo upepo hulibeba kama shuka kwenye kamba. Yeye pia alijua. Aliondoka kwa sababu wewe ni mdogo wake na ndiye bosi wake, akaona haya kuonekana mwoga mbele yako.

Karibu umwone, ila chagua siku tulivu. Upepo ukipiga bati, huwa anashika blanketi kwa mikono miwili kama usukani, anasema, "Mwambieni mdogo wangu nimeshaondoka."

Ni mimi,
mke wa kaka yako