Sifa Bado Hajatembea

Yaya wangu Furaha, dada yangu mkubwa,

Na hapana, Sifa hakimbii. Hata kutembea, hatembei. Uliposhusha simu ukawapigia kelele wenzako pale sokoni Walikale, "Mutoto yangu anakimbia! Munasikia? Anakimbia!", nilikuwa nimeshafungua mdomo nikuambie kwamba nimedanganya, na mtandao ukakatika. Tangu siku ile nakupigia hupatikani. Basi nimeamua kuandika, na barua nimeiacha bila bahasha, kwa sababu itapita mikononi mwa watu wengi wa pikipiki kabla ya kukufikia. Anayetaka kuisoma njiani na aisome. Huenda naye ana mtoto nyumbani.

Sifa wako ana mwaka mmoja na miezi saba. Anakula vizuri, anacheka mpaka anakohoa, na anamwita mume wangu "Papa Baa", kwa kuwa jina Bahati zima bado halimtoshi mdomoni. Lakini ukimweka chini wima anakunja magoti, anainua mikono kwangu na kusubiri. Halii. Anasubiri tu, maana anajua nitainama.

Unakumbuka asubuhi ulipoondoka kule kwetu mlimani Masisi? Alikuwa na miezi kumi na moja, amesimama ameshika kigoda cha marehemu mama kwa mikono yote miwili, matako yanatikisika. Ulikuwa unakwenda kuuza vitenge kwa wiki tatu tu. Ulimnusa shingoni, ukaniambia, "Akijua kutembea, umulete. Kazi yangu ni ya kuzunguka, siwezi kuzunguka na mutoto mu mugongo." Nilikubali haraka. Nilidhani kutembea kwa mtoto ni kama kuota meno, kunakuja kwenyewe.

Wiki tatu zikawa miezi, kwa sababu ya barabara kufungwa. Kisha ikafika siku ambayo mlima wetu wote ulihama kukimbia vita. Nilimfunga Sifa mgongoni kwa vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, tukashuka na watu mpaka Sake. Nilipofika nilimfungua, nikamlaza kwenye mkeka. Kamyo moja, lori kubwa, ikapita ikielekea Mubambiro, ikatoa mlio mkubwa. Nikamfunga tena. Na kusema kweli, yaya, ni kama sikumfungua tangu hapo. Nilipika naye mgongoni, nilifua naye, nilikwenda kanisani naye. Nilijiambia, siku ya kukimbia ikija sitapoteza hata dakika moja kumtafuta.

Hata Bahati alinikuta hivyo. Nimekwisha kukueleza kwenye simu, lakini niache nieleze tena, maana nikiongea habari zake moyo unatulia. Nilikuwa napita mbele ya karakana anapochonga chukudu, vile vigari vya mbao vya kusukumia mizigo, yeye ameinama anatoboa gurudumu la mti, kalamu iko nyuma ya sikio. Akasimama kutusalimia. Sifa akajinyoosha juu ya bega langu akainyakua ile kalamu. Mwanaume yule akacheka, akasema, "Sasa Mama, kalamu yangu imeshapata mwenyewe. Nitakuja kuiomba kesho." Akaja kesho. Akaja keshokutwa. Wiki nzima alikuja kuomba kalamu, na kila mara alisahau kuondoka nayo. Ee yaya, kwa nini hukuniambia kwamba mtu anaweza kuolewa na bado akatetemeka akisikia hatua za mumewe mlangoni? Miezi miwili sasa, na harufu ya mbao kwenye shati lake bado inanilegeza. Siku ya harusi pasta alinitazama na gauni langu jeupe na mtoto mgongoni, akasema, "Bibi-arusi, leo tu, uyu mutoto abebwe na muntu mwingine." Mama yake Bahati akampokea. Sifa alilia katika kiapo chote, na mimi nikajibu "ndiyo" nikimwangalia yeye.

Mwanzoni mwa mwezi huu Bahati alitupeleka Bweremana, siku moja tu, tukale samaki kando ya ziwa. Hapo ndipo wasiwasi ulipoingia. Kulikuwa na mtoto mdogo kuliko Sifa, bado ana upara, anakimbiza kuku mchangani. Anaanguka, anaamka, anamtukana kuku kwa lugha yake. Mama mmoja muuza samaki akatutazama akapiga makofi.

"Mama, uyu malkia unabeba ni wa wapi?"

"Ni mtoto wetu," nikasema.

"Na miguu yake munaitunza ya Noeli?"

Wenzake wakacheka. Bahati naye alicheka kidogo, nikamkasirikia kwa mara ya kwanza. Nikajaribu kumsimamisha Sifa mchangani ili niwaonyeshe. Akakunja magoti, akainua mikono. Nikainama. Jioni ile ile ulipiga simu ukauliza, "Anatembea?" Na mimi, mwenye aibu ya mchana kutwa, bibi-arusi mpya anayetaka aonekane mama bora, nikasema, "Anakimbia, yaya." Ukasema, "Basi umulete mbele ya mwezi kuisha." Ndipo ukaanza kuwaita wenzako.

Kesho yake nilimpeleka kituo cha afya. Nilijiambia nimemharibu, labda vitenge viwili vimepinda nyonga zake. Muuguzi alimkunja, akamkunjua, akamgonga magoti, akamtazama akikaa. Kisha akaninyooshea kidole.

"Mama, miguu iko mizima. Nyonga iko mizima. Ni mugongo yako njo inamukatalia kutembea."

"Naogopa ataanguka."

"Aanguke! Sasa utaanguka mu nafasi yake?"

Akaniambia mtoto hajui mwili wake uko wapi kama hajaupima na ardhi. Achezwe naye kila siku, peku, bila kulazimishwa: apande, ateremke, asukume, achuchumae kuokota kitu, achezeshwe muziki. Nisimvute mikono juu ya kichwa chake, maana hapo anayesimama ni mimi, siyo yeye. Nimshike kiunoni, kisha nimpe kidole, kisha nisimpe kitu. Na nikae karibu. "Karibu ni ku macho," alisema, "siyo ku mikono."

Nilirudi nyumbani nikikukumbuka wewe. Hivi vyote si ndivyo ulivyonifanyia? Kutembea juu ya matuta ya viazi ya mama, mikono imetanuka, bila kukanyaga jani hata moja, na ukinikuta nimekanyaga unaniambia nirudi mwanzo. Kuteleza mteremkoni juu ya mgomba mpaka tunatua kwenye majani ya ng'ombe. Na lile gogo la kuvukia kijito: ulitangulia ng'ambo ukaniita, "Usiangalie maji, angalia mie!" Nilikuona mkatili. Leo ninajiuliza uliwezaje kusimama pale ng'ambo bila kuja kunichukua.

Bahati amejitolea mwili wake wote. Akitoka kazini analala kwenye mkeka na kutangaza, "Mie njo mulima wa Masisi. Panda!" Sifa anampanda tumboni, anateleza upande wa pili, anarudi. Tunaviringisha blanketi anavuka kwa magoti. Tunatawanya viazi, anavikusanya kwenye beseni kimoja kimoja, anachuchumaa na kuinuka ameshika ukingo. Bahati ameweka ubao wa mkaratusi chini sakafuni, na Sifa anaupitia ameshika kidole chake kimoja, ulimi umetoka nje. Wakicheza hivyo ninawatazama wote wawili, ninawapenda mpaka kifua kinauma.

Lakini usidhani mambo yamenyooka. Bahati alimchongea kichukudu kidogo cha kusukuma, magurudumu mawili, usukani wa kumfikia kifuani. Wanaume wa chukudu wanapenda gurudumu linaloteleza, basi akalilainisha na kulipaka mafuta kama la kubebea magunia. Kikaondoka naye! Sifa alitupwa chini, mdomo ukapasuka. Damu kidogo tu, lakini nilipiga kelele majirani wakaja. Nikamfunga mgongoni siku mbili. Bahati hakugombana. Alifungua magurudumu, akayakwangua yawe mazito, akafunga jiwe mbele, akasema, "Bibi yangu, ni mie nilikosa. Mutoto hakukosa kitu. Umushushe." Nikamshusha.

Na kila kamyo inapopita, mikono yangu inamnyakua kabla mimi sijafikiri. Juzi Jumapili, yaya, tulipotoka kanisani na kufika nyumbani, Sifa aliachia ukingo wa kitanda. Aliachia mwenyewe. Hatua moja. Ya pili. Mikono iko juu kama mlevi, macho yako kwa Bahati. Nje pikipiki moja ikapasua moshi kama risasi, pah! Na mimi nikaruka nikamchukua. Hatua ya tatu ilibaki hewani. Bahati akasema polepole, "Ulimukatiza." Sifa mwenyewe alinisukuma kifuani ateremke. Hajawahi kunisukuma.

Nililia sana, na Bahati akadhani nalilia woga wa vita. Sikumwambia yote. Wewe nakuambia. Ulisema akijua kutembea nimlete. Nimejiuliza kama mgongo wangu ulilisikia neno hilo kuliko masikio yangu. Sijui. Naapa sikupanga. Lakini kila asubuhi nilipokaza fundo la kitenge, nilisikia raha ambayo haikuwa ya kukwepa risasi tu. Nilikuwa na mtu. Baadaye nikampata Bahati, nikawa na watu wawili, na nikazidi kukaza. Yaya, kama unataka kukasirika, kasirika kwa hilo. Uongo wa simu ni mdogo.

Ninaogopa njia, maana wenye pikipiki wanasema inapitika leo na kesho hawajui. Ninaogopa utamtazama na kuniuliza nilikuwa nafanya nini miezi yote hii. Ninaogopa hatakujua. Na ninaogopa atakujua mara moja. Bahati anasema tutakwenda wote watatu, karakana itafungwa, na kwamba mama wa mtoto ndiye atakayesema kinachofuata. Nimekubali. Sijawahi kukubali neno gumu hivi, hata kanisani.

Basi tutakuja kabla mwezi huu haujaisha, hata kama zitakuwa bado ni zile hatua mbili. Nitamshusha mbali kidogo na mlango wako, peku. Usimkimbilie, najua utataka. Chuchumaa pale pale, fungua mikono, umwite kwa jina, na umpe muda. Mimi nitakuwa nyuma yake. Akigeuka kunitafuta, atakuta nimeangalia upande mwingine.

Mdogo wako wa Sake, mke wa Bahati, aliyekulelea Sifa.